Sifa za Mfuniko Unaofunguka

Mafundi wa kompyuta katika mji wa Goma hawana majumba makubwa wala vibao vya shaba milangoni; aghalabu ni vijana wenye meza moja, taa moja na kopo la skurubu, na wengi miongoni mwao, wakiitwa, huja mpaka nyumbani kwa mwenye mashine na vyombo vyao mkobani, wakaifanya kazi yao juu ya meza ile ile inayoliwa chakula. Waandishi wetu wamewasifu wachonga vinyago, wasusi na wahunzi, nao ni wastahiki wa sifa hizo. Walakini ustadi huu mwingine, uliohuisha mashine nyingi ambazo Ulaya na Dubai zilikwisha kuzitoa thamani, umepita mbele ya macho yetu bila hata salamu.

Katika kazi zao zote naitukuza moja, ambayo ni ndogo kwa wakati na kubwa kwa fadhila, nayo ni kuongeza kumbukumbu ya kompyuta ya mkononi. Mashine iliyotoka kiwandani na gigabaiti 4, zikaitosha kwa zama zake, leo hufungua kurasa chache za intaneti ikashikwa na uzito, na mwenyewe, kwa kudhani kwamba imefikwa na uzee, huanza kukusanya fedha za kununua nyingine. Fundi mwaminifu humwambia kwamba mashine yake ingali nzima ila imebanwa, na kwamba kibao chembamba kisichozidi urefu wa kidole kitaipa wasaa wa miaka mingine.

Nilimtazama mmoja wao akiifanya kazi hii kwangu, kijana wa mtaa wa Katindo, mpole wa mikono na mchache wa maneno. Aliizima mashine, akachomoa waya wa umeme, akatoa betri, kisha, jambo lililonishangaza, akakibonyeza kitufe cha kuwashia ilhali hapakuwa na nguvu yoyote ya kuwasha. "Papa, kuna umeme mdogo unaobaki ndani," aliniambia, "tuutoe kwanza." Akagusa chuma cha dirisha ili mwili wake nao uachane na umeme usioonekana, ambao hauchomi ngozi ya mtu lakini waweza kuua chipu. Ndipo alipofungua skurubu, akazipanga juu ya karatasi kwa mfuatano wa mahali zilikotoka, akaubandua mfuniko.

Ndani mlikuwa na vumbi jeusi. Sisi wa Goma hatuna haja ya kuuliza limetoka wapi: mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ambayo tarehe 17 Januari 2002 yalishuka yakiwa moto, yakakata katikati ya mji, yakafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia ziwani, na ambayo tarehe 22 Mei 2021 yalishuka tena yakakoma ukingoni mwa mji. Tulijenga juu yake, tukafanya biashara juu yake, na vumbi lake huingia katika kila chenye tundu. Kijana yule alilitoa kwa brashi laini na hakulipuliza kwa kinywa, maana pumzi ya binadamu ina unyevu. Kisha akachukua ufutio wa penseli, wa namna ile ile wanaobeba watoto wa shule, akaanza kusugua meno ya kibao alichokuja nacho, meno 204 yenye rangi ya dhahabu, upande mmoja na wa pili, kwa taratibu ya mtu asiyefukuzwa na chochote. Kibao chenyewe kilikuwa kimetumika katika mashine nyingine, na utando usioonekana kwa jicho ulikuwa umekaa juu ya meno yake. Nilitamani kumwambia yatosha. Yeye alikiinua kwenye mwanga, akakitazama, akarudia kusugua.

Alikichopeka kwa mshazari, akakilaza kwa vidole gumba viwili mpaka vishikizo vya pande zote vikalia kwa pamoja. Hakuurudisha mfuniko mpaka alipoiwasha mashine na kuiona yenyewe ikikiri gigabaiti 8. Kile kibao cha zamani, alichokwisha kukitoa, alikifunga katika karatasi, akanikabidhi kwa mikono miwili: "Hii ni mali yako, Papa. Kuna mwanafunzi ataitafuta."

Asili ya kumbukumbu ya namna hii ni shahada ya uvumbuzi aliyopewa Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1968. Wazo lake lilikuwa kuweka kila alama katika chaji ndogo ya umeme ambayo, kwa kuwa huvuja, hujazwa upya mara nyingi katika kila sekunde. Kwa miaka mingi waliotengeneza mashine waliacha nafasi ya pili tupu, kana kwamba waliona haya kumaliza kila kitu bila ya mwenye mali kuwa na neno.

Haya hiyo imeondoka. Mwaka 2008 ilitoka MacBook Air ambayo kumbukumbu yake imelehemiwa juu ya ubao, mwaka 2012 zikafuata nyingine, na leo mashine nyembamba nyingi zimefuata mkondo huo. Watengenezaji wana hoja, nami siwadhulumu: kumbukumbu iliyolehemiwa huweza kwenda kasi na kula umeme haba. Lakini Desemba 2023 shirika la viwango la JEDEC lilitangaza kanuni ya kibao chembamba kinachotoka na kurudi, kiitwacho CAMM2. Basi wembamba haukuwa udhuru wa kudumu.

Nasi tuna sababu ya kuumia kupita wengine. Lehemu ya zama hizi kwa sehemu kubwa ni bati, na bati huchimbwa Bisie katika Walikale. Koltani, itoayo tantali ya vifaa vidogo vya kutunza chaji katika ubao huo huo, huchimbwa kwa mikono Rubaya katika Masisi, katika milima iliyoshuhudia damu nyingi. Madini ya jimbo letu hutoka kama mchanga, yakarudi yamelehemiwa, na fundi wa Katindo hana pa kutia bisibisi. Chukudu wetu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, aliyewekewa sanamu katika mzunguko wa barabara, akivunjika gurudumu huchongewa lingine siku ile ile na mzigo ukaendelea. Hakuna aliyemwona mwenye chukudu akilia kwamba kiwanda kimemfungia.

Lawama nyingine ni yetu. Tumekuwa watu wa kuuliza rangi na wembamba, na vijana wanaojifunza ufundi leo hutafuta vioo vya simu, kwa kuwa ndivyo vinavyolipa.

Wewe unayekwenda mtaa wa Birere kununua mashine, hata ikiwa ya mtumba, omba mfuniko ufunguliwe mbele yako kabla ya kutoa dola. Ukiona nafasi mbili za kuchopeka, nunua kwa moyo mweupe. Ukiona chipu zimelehemiwa, ama chukua yenye kumbukumbu ya kutosha umri wake wote, ama rudisha dola zako mfukoni.