Mshenga Aliye Ndani ya Mashine

Wiki ya mwisho ya Juni, Kimilili huwa na shughuli mbili zinazogombania watu. Moja ni maharagwe. Turubai hutandazwa kando ya barabara ya kwenda Kamukuywa, na kina mama huyapindua kwa viganja huku jicho moja likiuangalia Mlima Elgon, maana wingu la alasiri likishuka kutoka huko halibishi hodi. Ya pili ni ritani za kodi. Tarehe 30 KRA hufunga mlango kwa hesabu za mwaka uliopita, anayechelewa hutozwa faini, nasi Wakenya tunajijua: tunangoja mfumo uelemewe ndipo tukumbuke kwamba tuna PIN.

Nilikuwa kwenye shughuli ya pili, ndani ya saiba ya chumba kimoja yenye kompyuta sita na mashine ya fotokopi inayokohoa, mwalimu mmoja alipoingia amekumbatia laptopu yake kama mtoto mwenye homa.

"Fundi, hii kitu ina intaneti na haina intaneti."

Tuliokuwa kwenye benchi tulicheka. Fundi hakucheka. Alifuta kaunta kwa kitambaa, akaipokea ile mashine kwa mikono miwili.

"Imeanza lini, mwalimu?"

"Jana jioni. Ilikuwa inaniletea matangazo, mengine ya aibu, hata nikifungua lango la tume ya walimu. Nikaiskani, ikapata virusi, nikafuta vyote. Matangazo yakaisha. Na intaneti ikaisha nayo."

Najua mafundi ambao wakisikia maelezo hayo hujibu neno moja tu: fomati. Ni neno rahisi, huingiza pesa, na halihitaji kujua chochote. Alama za muhula mzima, picha za mazishi ya mzee, barua ya mkopo wa shamba, vyote huenda na maji, mwenye mashine akaambiwa ashukuru kwamba sasa inawaka haraka. Siwaiti hao mafundi. Fundi wa Kimilili alifanya jambo ambalo tangu siku hiyo limekuwa kipimo changu cha ufundi: alianza kwa kuamini maneno ya mgonjwa. Mashine ina intaneti na haina intaneti. Basi zipo njia mbili za kutoka, moja iko wazi na nyingine imeziba. Kazi ni kuitafuta iliyoziba.

Alifungua kile kidirisha cheusi ambacho wateja hukiogopa, akaandika amri fupi ya kuipigia hodi seva iliyo mbali. Jibu likarudi. Likarudi tena, mara nne, kama desturi ya Windows. Akageuka kwa mwalimu. "Waya ni mzima. Barabara ni nzima. Brauza yako ndiyo haiendi yenyewe. Inamtuma mtu."

Hapo ndipo penye utamu wa mambo. Kuna mpangilio mdogo katika kompyuta uitwao proksi, sehemu ambayo watu wengi watamaliza maisha yao bila kuifungua. Wapo wanaosema "seva wakala", na sina ugomvi nao, ila wakala ananukia ofisi na mihuri. Mimi naona Kiswahili kilikuwa na jina lake zamani: mshenga. Kijana haendi kwa wakwe kupeleka maneno yake mwenyewe. Anamtuma mshenga, mshenga anabeba ujumbe, anarudi na jibu. Upande wa pili unaiona sura ya mshenga, si ya kijana. Mshenga mwema hufikisha maneno kama alivyopewa. Mshenga mbaya huongeza chumvi, huchunguza mfuko wa mahari njiani, na wakati mwingine huoa kwa posa isiyo yake. Brauza iliyowekewa proksi hufanya hivyo hivyo: kila ombi la ukurasa haliendi moja kwa moja kwenye tovuti, linakabidhiwa kwanza kwa huyo wa katikati. Hodi ya fundi haikupita kwa mshenga, ndiyo maana ilirudi salama.

Alifungua ukurasa wa mipangilio. Tiki ilikuwepo. Pembeni yake anwani: 127.0.0.1, na baada yake namba ya mlango yenye tarakimu tano.

"Unaiona hii, mwalimu? Hii ni anwani ya nyumbani. Kila kompyuta duniani hujiita hivi inapojisemesha. Maana yake brauza imeambiwa, kabla hujatoka nje, mpe maneno yako mtu aliye humu humu ndani, chumba namba fulani."

"Nani huyo?"

"Ndilo swali."

Akarudi kwenye kidirisha cheusi, akaomba orodha ya milango yote ya mashine pamoja na wanaosikiliza kila mlango. Orodha ile ni ndefu na haipendezi macho. Safu ya mwisho ina namba za utambulisho wa programu, na ukiichukua namba hiyo hadi kwenye meneja wa kazi utapata jina la programu na folda inamolala. Alishuka kwa kidole, mstari kwa mstari. Mlango ule wa tarakimu tano haukuwa na mtu. Chumba kitupu. Antivirasi ilikuwa imemuua mshenga jana jioni, lakini hakuna aliyekwenda kuiambia brauza. Ikawa inapeleka maneno yake kwenye chumba cha marehemu, inangoja, inachoka, kisha inamlilia mwalimu kwamba hakuna mtandao.

Hiki kisa nimekiona tena na tena, na ndicho kinachowafanya watu waamini kwamba antivirasi "imeharibu kompyuta". Kirusi ni programu, na programu hufutika. Lakini kirusi kilipoingia kilibadilisha agizo, na agizo si programu, ni mstari tu katika daftari la Windows, halali kabisa kwa sura, kama vile mtu mwenyewe ndiye aliyeandika. Antivirasi haina namna ya kujua kama ulitaka mshenga au hukutaka. Anayeweza kujua ni binadamu anayeuliza.

Kuna sura ya pili ya ugonjwa huu, mbaya zaidi, ambapo mshenga bado yu hai. Hapo ukiondoa tiki, ukafunga ukurasa, ukanywa chai, utarudi uikute imejirudisha. Fundi asiyejua huondoa tiki mara kumi, kisha huanza kunong'ona kuhusu majini. Anayejua hufuata mpango. Kwanza humkamata aliye mlangoni kwa namba yake. Kisha hutafuta anayemwamsha kila asubuhi: orodha ya programu zinazowaka pamoja na mashine, na kazi zilizopangiwa saa. Hufuta hivyo vyote. Tiki huwa ya mwisho. Ukigeuza mpangilio huo umefagia ua huku mbuzi bado yumo.

Na hata hapo kazi haijaisha, maana kuna ile kufuli ndogo ya kwenye anwani ambayo tumefundishwa kuiamini. Mshenga wa katikati hawezi kusoma maneno yaliyofungwa kwa kufuli hiyo, isipokuwa awe ameingiza cheti chake bandia kwenye kabati la vyeti vya mashine. Akishafanya hivyo, kufuli huonekana nzima huku bahasha zinafunguliwa njiani. Mwanzoni mwa 2015 dunia iligundua kwamba baadhi ya laptopu za Lenovo zilikuwa zimetoka kiwandani na programu ya matangazo iitwayo Superfish, yenye cheti cha aina hiyo, na ufunguo wake ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Mashine mpya kabisa, bado ina nailoni kwenye kioo. Kwa hiyo fundi mzuri hufungua pia kabati la vyeti. Wengi hawafiki huko.

Lakini nisije nikamchafulia proksi jina. Waliofanya kazi za saiba kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009 watakwambia kwamba mshenga ndiye aliyewalisha. Intaneti ilishuka kutoka setilaiti kwa bei ya dhahabu, mteja alilipa kwa dakika, na kompyuta zote za duka zilichangia uzi mmoja mwembamba. Mwenye duka aliweka proksi, Squid kwa aliyejua Linux, CCProxy kwa aliyebaki na Windows. Mteja wa kwanza akifungua ukurasa wa gazeti, proksi ilihifadhi nakala, na wa pili alipewa hiyo hiyo bila kwenda tena angani. Shule nyingine na ofisi nyingine mpaka leo hupitisha watu wake kwa mshenga ili kuchuja na kuhesabu. Antivirasi nazo baadhi hujiweka katikati ili zikague kinachoingia. Mjumbe hauawi, walisema wazee, na katika kazi hii msemo huo unapaswa kubandikwa ukutani, kwa nyongeza moja: hauawi mpaka aseme katumwa na nani.

Naandika hivi nikiwa na kovu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikisaidiasaidia katika duka moja mjini Bungoma, na mama mmoja mtumishi wa ofisi fulani aliniletea mashine inayokwenda polepole. Nilipokuta tiki ya proksi moyo ulinidunda kwa furaha. Nikaifuta bila kuuliza, bila kunakili anwani, nikamweleza kwa madaha kwamba nimemtoa mdudu. Siku mbili baadaye alirudi. Hakupiga kelele, alisimama kwenye kaunta, akaweka mashine chini, akaniambia, "Kijana wangu, sasa nikiwa ofisini hakuna kinachofunguka. Ulinitengenezea au uliniharibia?" Nilikuwa nimemfukuza mshenga halali wa ofisi yake, na anwani yake sikuwa nayo. Alilazimika kwenda kwa watu wao wa kompyuta na kueleza alikoipeleka mashine ya kazi. Pesa nilimrudishia. Aibu ilibaki kwangu.

Wakubwa wa kazi hii nao wamewahi kukutana na chumba cha marehemu, tena kwa kiwango cha kutisha. Novemba 2011 polisi wa Estonia, wakishirikiana na FBI ya Marekani, waliwakamata watu 6 walioendesha hila iitwayo DNSChanger. Kirusi chao hakikugusa proksi, kiligusa jirani yake: kilibadilisha seva za DNS, yaani wale wanaoulizwa "tovuti hii inakaa wapi?" Kompyuta takriban milioni 4, katika nchi zaidi ya 100, zikawa zinauliza njia kwa wezi. Sasa wezi wamekamatwa. Je, seva zao zizimwe? Zikizimwa usiku huo, mamilioni ya watu wataamka hawana intaneti, kama mwalimu wetu. Mahakama iliruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile chafu, zijibu kwa ukweli, mpaka tarehe 9 Julai 2012, ili watu wapate muda wa kutibiwa. Yaani walimtoa mshenga mwovu, wakamvika mwema kanzu yake, wakamwacha amalizie safari. Nikisoma kisa hicho sishangai ujanja wa wezi, ujanja upo kila soko. Nashangaa subira ya walioacha kuzima.

Subira hiyo niliiona kaunta ile ya Kimilili. Kabla ya kuondoa tiki, fundi alitoa daftari la kurasa 200 kutoka kwenye droo, lile la jalada la bluu wanaloandikia wanafunzi, lililopigwa rula kwa safu nne. Akaandika tarehe. Akaandika anwani na namba ya mlango. Safu ya tatu aliandika alichokikuta: "chumba kitupu". Safu ya nne ilikuwa na kichwa kimoja, "Nani?", na nilipochungulia nikaona kwamba juu yake majibu yalikuwa ya kila namna: shule, antivirasi, ofisi ya mume, tangazo, tangazo, mtoto wake mwenyewe. Mistari miwili ilikuwa na alama ya kuuliza tu.

"Hizi je?" nikamuuliza.

"Hizo sikuzigusa, papa. Nilimwambia mwenyewe asifungue benki kwa hiyo mashine mpaka nijue."

Ndipo akaondoa tiki ya mwalimu. Akakagua orodha ya zinazowaka asubuhi, akafungua kabati la vyeti, akalifunga. Lango la KRA likafunguka, polepole, kwa sababu nchi nzima ilikuwa mlangoni pake. Mwalimu akapiga makofi mara moja, kisha akaona haya.

Nje mama mmoja aliita kwa sauti, "Mvua! Mvua!", na turubai zikaanza kukunjwa. Fundi hakuinua kichwa. Safu ya nne ilikuwa bado wazi. Alifungua kumbukumbu za antivirasi, akasoma jina la faili lililofutwa jana, akasoma na folda lilikotoka.

"Mwalimu, hii ni ile programu ya kuamsha Office bila leseni. Uliitoa wapi?"

"Nilipewa na mwenzangu. Kwa flashi."

Kalamu ikasimama juu ya daftari.

"Hiyo flashi iko wapi sasa?"

Mwalimu aliangalia skrini, ambako namba yake ya PIN ilikuwa imeshakubaliwa, akaniangalia mimi, akamwangalia fundi.

"Iko kwenye chumba cha walimu," alisema. "Tunaingiza alama za mtihani nayo."