Kiitikio na Sauti ya Bibi

Tumezoea kuuhukumu wimbo wa kanisani kwa mambo mawili: mafundisho ya maneno yake na usahihi wa sauti zake. Kipo kipimo cha tatu: je, waweza kuimbwa jioni nyumbani na bibi asiyejua kusoma pamoja na mjukuu wa miaka mitatu?

Luther alikijua kipimo hicho. Mwaka 1535 alitoa "Vom Himmel hoch", wimbo wa watoto kwa Krismasi. Una beti 15, nao umejengwa kama mazungumzo: malaika hutangulia kunena, kisha walio duniani humjibu. Ni ufundi mzuri. Lakini beti 15 zisizo na kiitikio ni mzigo mzito kwa nyumba isiyo na kitabu.

"Mfurahini, Haleluya" wa Mchungaji Bernard Kyamanywa, uliotungwa miaka ya 1960, hushika njia nyingine. Habari ya Pasaka husimuliwa ubeti kwa ubeti, na kila mara hurudi kiitikio kile kile. Mtoto hana haja ya kungoja akue. Hudaka kiitikio, na habari yenyewe humwingia baadaye. Howard Olson, aliyefundisha Makumira, aliutafsiri kwa Kiingereza, nao huimbwa hata ng'ambo. Lakini mimi naupima kwa nyumba yetu.

Kwetu aliyeanzisha beti alikuwa bibi. Mwisho wa kiitikio aliishusha sauti, tofauti na kitabu, kisha akakawia kidogo. Hapo ndipo sisi watoto tulipovuta pumzi. Niliporudi likizo kutoka chuoni, nikiwa nimejifunza kusoma noti, nilimsahihisha mbele ya wote. Hakukasirika. Ila tangu jioni ile, nikiwapo, aliitikia tu. Beti alimwachia baba.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema kwamba namna ya nyumbani ni makosa yanayomngoja mwalimu wa kwaya. Wimbo wa kiitikio huvumilia tofauti hizo, tena huishi kwazo. Wanafunzi wanaokwenda mazoezini usharikani, kabla ya kuifundisha kwaya, waombe kwanza kuusikia wimbo kwa wazee, na wauandike vile ulivyoimbwa. Ya bibi sikuiandika. Dada yangu na mimi hatupatani tena ni wapi hasa alipokuwa akiishusha sauti.