Ukwapi na Utao wa Anwani ya ATM

Anwani ya ATM (nazungumzia teknolojia ya mitandao iliyositawi miaka ya 1990, si mashine ya kutolea fedha) ina baiti 20, hazizidi wala hazipungui, na kama mshororo wa shairi la arudhi ina vipande viwili: baiti 13 za ukwapi, 7 za utao. Ukwapi hutolewa na swichi. Utao huletwa na kifaa chenyewe: baiti 6 za utambulisho, ambazo kwa kawaida ni anwani ya MAC kiliyotoka nayo kiwandani, na baiti moja ya mwisho ambayo swichi haiitazami kabisa inapotafuta njia. Itifaki ya ILMI huvikutanisha vipande hivyo bila fundi kuandika lolote kwenye kifaa, na ndipo muunganisho wa mwito, unaojengwa unapohitajika na kuvunjwa baadaye, unapoweza kuombwa.

Anwani hizi zina miundo mitatu, na utao ni uleule katika yote; ufundi wote umo katika ukwapi, ambao baiti yake ya kwanza hutangaza bahari, yaani muundo. Ikiwa 39, kinachofuata ni msimbo wa nchi: 834F kwa Tanzania, 404F kwa Kenya. Ikiwa 47, ni msimbo wa shirika, uliosajiliwa kupitia British Standards Institution. Ikiwa 45, ni nambari ya simu ya kimataifa, E.164. Miundo miwili ya kwanza hutaja nchi au shirika kwa baiti 2 na kubakiza 10, ambazo hata baada ya msajili kuchukua sehemu yake zinatosha kupanga kanda, mji, jengo na swichi kwa ngazi. Wa tatu hutumia baiti 8 kwa nambari, na kubakiza 4 tu.

Ufinyu huo si kasoro yake pekee. Nambari ya Tanzania ina tarakimu 12, nafasi ni ya 15. Basi 255, msimbo wa simu wa nchi, hutanguliwa na sufuri tatu, na herufi F huziba nusu baiti ya mwisho. Lakini swichi husoma kutoka kushoto, ikitafuta kiambishi kirefu kuliko vyote kinachooana na anwani. Katika nchi yenye nambari za urefu tofauti, msimbo uleule wa nchi huangukia mahali tofauti, na kiambishi kimoja hakiwezi kuzikusanya zote mpaka sufuri hizo zivuliwe.

Wapo waliokwepa uchaguzi kwa kuacha ukwapi wa kiwandani. Swichi za Cisco zilikuja na kiambishi kilichoanza na 47.0091.81, kikamalizika kwa MAC ya swichi yenyewe. Ni hila nzuri kwa maabara: kila swichi ina jina lisilorudiwa. Kwa mtandao mpana ni jina lisilo na ukoo, kwa kuwa swichi mbili za jengo moja hazishiriki chochote kinachoziweka pamoja, na kila moja hudai mstari wake katika majedwali ya njia.

Muundo wa 45 unamfaa mtoa huduma za umma, ambaye nambari za simu ni mali yake tayari. Atakayeuchagua kwa mtandao wa ndani kwa sababu tu nambari hizo amezizoea, amejinyima baiti 6 za usanifu.