Oili Chafu na Cheni za Baiskeli Jozani

Ukipita Pete au Kitogani, jirani na msitu wa Jozani, utaziona baiskeli zenye cheni nyeusi tititi. Zimepakwa oili chafu, ile inayomwagwa gereji baada ya gari kubadilishwa oili. Watu wanaipenda kwa sababu ni rahisi kuipata na cheni huacha kulia mara moja. Kwa maisha ya cheni, sioni kilainishi kibaya kuliko hicho.

Cheni "ikirefuka", chuma chake hakijavutika. Ndani ya kila pingili mna pini inayojizungusha kwenye bushi, na hapo ndipo panapolika. Oili chafu imeshabeba masizi na chembe za chuma za injini, kwa hiyo anayeipaka anaupeleka uchafu kwenye pini kwa mkono wake. Halafu inanasa vumbi jeupe la mawe ya matumbawe, na vumbi hilo hufyonza mafuta na kubeba mchanga.

Mwaka 1999, James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima cheni maabara, na aina ya kilainishi haikuleta tofauti ya maana katika nguvu inayopotea. Hiyo si ruhusa ya kupaka chochote. Maabara haina vumbi. Barabarani, kazi kubwa ya mafuta ni kuijaza nafasi kati ya pini na bushi ili uchafu ukose pa kuingia. Mafuta yenyewe yakiwa machafu, kazi hiyo haipo.

Vipi vilainishi vingine? Grisi ya kupaka kwa kidole hubaki nje, haifiki kwenye pini. Nta haishiki vumbi, na kiangazi inafaa kweli, ila simshauri mkulima wa mwani anayeshuka na baiskeli pwani ya Paje au Jambiani: haizuii vizuri maji ya chumvi, na kutu nayo husaga chuma. Huyo atumie oili mpya nyepesi, tone moja kwa kila rola, azungushe pedali, kisha aifute cheni kwa nje mpaka iwe karibu kavu. Kufuta huku ndiko wengi wanakokuruka.

Kujua cheni imelika kiasi gani, chukua rula, upime pingili 24 kutoka pini hadi pini. Cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/16, badilisha cheni peke yake. Ukingoja 12 na 1/8, mara nyingi utanunua na friwili.