Meza Ina Mwenyewe

Mchezo wa kuigiza mezani ni hadithi inayotungwa na watu wengi pamoja. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu na mhusika wake, na dadu inaamua kama upanga umepiga au umekosa. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ulihitaji vitabu, penseli na meza. Leo kijana wa Nateete anaweza kucheza na ndugu yake aliye Nakivale au Nairobi, meza ikiwa ndani ya simu. Kwa sisi ambao familia zimetawanyika, hiyo si kitu kidogo.

Lakini meza ya intaneti ina mwenyewe, na mwenyewe hachezi na nyinyi. Mnalala hadithi imefika patamu, mnaamka programu imejibadilisha usiku: kitufe kimehama, dadu haizunguki, simu ya zamani inaambiwa haifai tena. Na bando imeliwa. Tangu Julai 2021 Uganda inatoza kodi ya asilimia 12 kwenye data, kwa hiyo hata apdeti ambayo hukuiomba unailipia kodi.

Agosti 2024 kampuni ya Wizards of the Coast ilitangaza kwamba kwenye D&D Beyond, kanuni mpya zingeingia mahali pa baadhi ya zile za zamani, hadi kwenye karatasi za wahusika waliokuwa katikati ya safari. Wachezaji walipiga kelele, na baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Wengi wanasifu zile kelele. Mimi nasifu tangazo: bila tangazo, wangebisha nini? Wangeamka tu wakakuta mambo yamekwisha.

Sasa tazama omweso: mashimo 32, kete 64. Wanyarwanda wanauita igisoro, na bao la pwani lina hesabu ileile. Kanuni zinatofautiana, ila zinakaa vichwani mwa wanaocheza. Mkitaka kuzibadilisha, mnabishana kwanza, halafu mnacheza.

Sisemi apdeti ni adui. Nyingine zinaziba matundu ya wezi, na programu isiyotengenezwa inakufa. Ubaya ni ukimya. Mtu aliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri, kisha akakuta dirisha limehamishwa bila tangazo, hahitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo nyinyi wa mashirika mnaoleta tableti kwa vijana, ulizeni mapema: programu itabadilika lini, nani atatuambia, na tunaweza kutoa hadithi yetu humo ikiwa nzima? Na sisi wachezaji, kila jioni tuandike mhusika wetu kwenye daftari: jina lake, nguvu zake, alipofika. Daftari halijibadilishi usiku.