Riwaya ya Ardhi na Sifa ya Amani ya Bukovina

Wengi walioandika habari za Bukovina, jimbo la mpakani lililokuwa chini ya dola ya Austria tangu 1775 hata 1918, hukariri sifa moja: kwamba Waukraini, Waromania, Wayahudi, Wajerumani na Wapoland waliishi humo kwa mapatano, na mji wao mkuu, Czernowitz, ulikuwa mji wa vitabu. Sifa hiyo si uongo mtupu. Mji huo, ambao leo huitwa Chernivtsi na umo katika Ukraini, ulipata chuo kikuu mwaka 1875. Humo walizaliwa Paul Celan na Rose Ausländer, waliotunga mashairi kwa Kijerumani, na Itzik Manger, aliyetunga kwa Kiyidishi. Lakini sifa ya mji si sifa ya jimbo, na mhakiki asomaye vitabu vya Kijerumani peke yake huvisikia vijiji kwa mbali.

Olha Kobylianska alivisikia kwa karibu. Riwaya yake iitwayo Ardhi, iliyotoka kwa Kiukraini mwaka 1902, ina asili yake katika mauaji yaliyotokea kweli katika kijiji cha Dymka. Ivonika na mkewe wamejinyima maisha yao yote ili wapate mashamba. Mwana wao mkubwa, Mykhailo, aipenda kazi ya shamba, lakini achukuliwa jeshini, na lugha ya amri katika jeshi hilo ilikuwa Kijerumani. Mdogo wake, Sava, ampenda Rakhira, msichana mwenye damu ya Kiroma, yaani ya wale waliozoea kuitwa Majipsi, wazazi hawamtaki. Mwisho Mykhailo auawa msituni, na shaka yamwangukia ndugu yake.

Nguvu ya kitabu ni kwamba ardhi humo si mandhari ya kupamba kisa, bali ndiyo imtawalayo kila mtu, baba kwa upendo na mwana kwa tamaa. Udhaifu wake ni Rakhira. Ulaghai wake waelezwa kana kwamba umo katika damu, na mtungaji, ambaye kwingineko aliwatetea wanawake kwa ushujaa, hapa asema kwa kinywa cha kijiji. Msomaji ana haki ya kuchukizwa. Hata hivyo, mahali hapo pabaya pashuhudia hali ya jimbo kuliko kurasa nyingi za kusifu mapatano.

Hesabu za serikali nazo zapasa kusomwa kwa hadhari iyo hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 1910 iliuliza lugha ya matumizi, na Kiyidishi hakikukubaliwa kuwa jibu. Hivyo Wajerumani wakaonekana kuwa yapata asilimia 21 ya watu wote, ilhali zaidi ya nusu yao walikuwa Wayahudi. Wataalamu wa Kiswahili, waliokwisha kubishana sana juu ya nani aitwe Mswahili, hawatahitaji kuelezwa jinsi lugha na kabila zinavyoachana.

Kobylianska mwenyewe, binti wa mtumishi mdogo wa serikali ya Austria, alianza kuandika kwa Kijerumani, kisha akahamia Kiukraini. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikwenda njia ya kinyume: alimaliza hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Kitereza aliiacha lugha ya wachache ili asomwe na wengi. Kobylianska aliiacha lugha iliyompa wasomaji wa Ulaya, akachagua ile ya wakulima ambao wengi wao hawakujua kusoma, na kwa malipo yake baadhi ya wahakiki wakalaumu Kiukraini chake kuwa na umbo la Kijerumani. Lawama hiyo ina ukweli kwa sentensi kadha wa kadha. Lakini waliotaka Kiukraini kisafi kutoka Bukovina walitaka kitu ambacho jimbo lile halikuwa nacho.