Mkono wa Fundi wa Majahazi

Marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu. Hakuwa na mchoro wa karatasi. Tangu siku ya kulaza mkuku, chombo kizima alikuwa nacho kichwani. Mimi bintiye nilikaa naye kivulini nikimsokotea pamba ya kalafati. Aliichovya kwenye mafuta, akaishindilia katikati ya mbao kwa nyundo, kisha akapitisha kidole gumba, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Asiporidhika aliing'oa yote akaanza upya, hata mwenye chombo amhimize vipi. Watu husifu manahodha, na wanastahiki. Lakini baharia hupata usingizi katikati ya bahari kwa sababu ya mafundi kama baba yangu. Ahsante, baba. Allah akurehemu.